Meza ya Msumeno yenye Miguu Mitatu

Karakana, Bariadi
Mwezi wa Tano

Kaka Festo,

Kamwene. Huku mchana huu wangekusalimia "mwadila", nawe ungetoa macho kama nilivyotoa mimi mwaka wa kwanza, lakini kwako naanza na salamu ya nyumbani ili ujue sijapotea. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, na joto la huku tumeshapatana. Wewe je? Mguu bado unakuuma baridi ikizidi? Mama anasema ukungu umekuweka ndani mpaka mabati ya paa umeyajua kwa majina. Hofu niliyo nayo juu yako si ile inayoandikwa kwenye barua kwa mazoea. Ni hofu kweli, na naisema sasa hivi kabla sijaingia kwenye mengine.

Nimesikia umemwambia Mama atafute mnunuzi wa vifaa vyako. Randa, patasi, hata ule msumeno wa upinde ambao ulikuwa hutaki niuguse. Nikakupigia. Nikasema kaka, kazi bado ipo. Ukanijibu, "Seremala hafanyi kazi amekaa, Skola," maneno yaleyale uliyoyasema hospitali baada ya lile gogo kukuviringikia na kuuharibu mguu wako wa kushoto, kisha ukakata simu. Nikapiga tena, ukakata. Nikapiga kwa simu ya Mama, ukasikia ni mimi, ukamrudishia simu yake. Haya. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza ili uone nimekosea wapi.

Ninachotaka ni hiki: uje Bariadi tufanye kazi pamoja, na uje kabla ununuzi wa pamba haujafunguliwa. Sikuiti kwa huruma. Sasa kaa chini nikueleze. Aa, samahani, umeshakaa. Cheka basi, Festo! Zamani ulikuwa mtu wa kucheka.

Kiangazi kilichopita nilinunua mashine ya mitumba kule Mwanza. Ni msumeno wa umeme wa kukatia maua ya nakshi kwenye mbao. Wembe wake ni mwembamba sana, umebanwa juu na chini, unapanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Unatoboa tundu katikati ya ubao, unapitisha wembe, unaubana, halafu unauzungusha ubao wenyewe taratibu kufuata mchoro. Maua uliyokuwa unayakata kwa msumeno wa upinde kutwa nzima, hii inayamaliza chai ikiwa bado ya moto. Na huku watu wakishauza pamba wananunua vitanda, na kitanda kisicho na maua kichwani hawakitaki. Wanasema hicho cha bwenini.

Shida ni kwamba mashine ilikuja bila miguu. Muuzaji akaniambia niifunge popote. Nikaifunga juu ya benchi langu la kazi. Nilipowasha, misumari yote ikaanza kutembea, kopo la gundi likaanguka, kikombe changu kikafuata, na wembe ukakatika. Nikaona hii inataka meza yake peke yake.

Nikaitengeneza kama ulivyonifundisha. Miguu minne minene ya mninga, viungo vimebanana mpaka havihitaji msumari, pima maji juu, kila kitu sawasawa. Nikaifunga kwa bolti kwenye sakafu ya saruji. Nikasimama mbele yake, mashine ikanifika usawa wa kifua, nikasema Festo angekuwepo hapa angeninunulia soda. Kiangazi chote ilifanya kazi bila kutikisika.

Kisha mvua zikaanza. Kaka, sisi watu wa Mufindi tunaiamini ardhi. Ule udongo wetu mwekundu ukishaushindilia, basi, utaukuta ulipouacha. Huku ni udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kandambili, na mvua ikinyesha unavimba. Sakafu yangu, na saruji yake yote, ikainuka upande mmoja, ikapasuka katikati, na bolti mbili zikang'oka. Meza ikaanza kucheza. Nyembe zikawa zinakatika hata kabla sijamaliza jani moja.

Mtu wa hapa angetazama chini. Mimi, mtoto wa Mufindi, nikalaumu miguu! Nikasema lazima nilipima vibaya. Nikafungua bolti zilizobaki, nikapunguza mguu ulioonekana mrefu. Meza ikatulia. Mvua ikanyesha, ikacheza upande wa pili. Nikapunguza mguu mwingine. Ikatulia, mvua ikanyesha tena. Mwenye nyumba wangu anaitwa Mayu Kabula, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na karakana iko uani kwake, kwa hiyo hakuna ninalofanya asilolijua. Siku moja alisimama mlangoni na sufuria yake mkononi, akanitazama ninavyopiga msumeno kwenye mguu wa meza.

"Yaya, ng'wanawane!" akasema. Maana yake hapana, mwanangu. "Utaikata hiyo mpaka iwe sinia."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Meza ilikuwa imeshuka mpaka siwezi tena kufanya kazi nimesimama, mgongo unawaka. Kwa hizo hasira nikageuza ndoo, nikakaa, nikavuta ubao. Nikawasha.

Hapo ndipo jambo lilipotokea. Macho yangu yalikuwa karibu na wembe, viwiko vimelala mezani, mstari wa penseli nauona mwanzo hadi mwisho. Meza ilikuwa bado inacheza kidogo lakini nilikata ua zima, na majani yake, bila kutoka nje ya mstari hata mara moja. Sijawahi kukata vile nikiwa nimesimama. Nikazima mashine. Nikabaki pale juu ya ndoo, nikalia kwa sauti, maana nilikuona wewe umekaa pale. Mashine hii inamtaka mtu aliyekaa, kaka. Anayesimama ndiye anayeharibu.

Nikataka kukupigia palepale. Nikajizuia, kwa kuwa nilijua utasema ni maneno matupu. Nikasema nitajenga kwanza.

Bado nilikuwa na hiyo shida ya sakafu. Jibu nililipata uani, nikiwa sina habari kama natafuta. Mayu Kabula alikuwa anabangua karanga za mbegu, tope kila mahali, akanisukumia kigoda nimsaidie. Vigoda vya Wasukuma vina miguu mitatu. Nikakaa. Nikabangua karanga kiasi, mara nikashtuka: uwanja ule una mashimo na matuta, na mimi sijayumba. Nikajaribu kujitikisa makusudi. Kigoda kimya. Nikakisogeza juu ya tuta, nikakaa tena, kimya. Nikakigeuza juu chini nikaanza kukichunguza.

"Kimevunjika?" Mayu Kabula akauliza.

"Hapana, mayu. Naangalia tu hii miguu mitatu."

"Kwani vya kwenu vina mingapi?"

Usinicheke. Hata wewe unalijua hilo, miguu mitatu hukanyaga chini yote hata pakiwa hovyo namna gani, ila sisi tumezoea sakafu zinazotii. Nikamwachia karanga zake, nikaenda kuivunja meza. Akapiga kelele kwamba kazi haijaisha. Sikurudi, na jioni alininyima michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Baadaye alinipa, na nyongeza juu.

Sasa sikiliza kuhusu suruali. Mwezi ule Mama alipokuja na utepe wa kupimia, akakupima kiuno, akakupima kutoka kwenye kiti hadi goti, kutoka goti hadi sakafuni, na kutoka bega hadi kiganja, akasema shangazi anataka kukushonea suruali, je, hukujiuliza suruali gani inapimwa kiganja? Suruali hiyo haipo. Vipimo vililetwa kwangu kwa simu, na meza nimeijenga kwa mwili wako. Mgomvi wako ni mimi, Mama mwache.

Ina miguu miwili mbele, imetanuka sana ili magoti yapite katikati bila kugonga kitu, na mguu mmoja nyuma, chini ya uzito wa mashine. Ule wa nyuma ni mrefu kidogo, kwa hiyo meza inakuinamia wewe, na shingo inabaki mahali pake. Chini nimeweka sanduku la mbao lililojaa mchanga wa mto ili isije ikapinduka. Kati ya mashine na meza nimelaza raba ya tairi. Niliiomba kwa yule anayeshona katambuga sokoni, na aliponiuliza ni ya viatu vya nani nikasema vya mashine, akanitazama sana. Sasa ukiwasha, unaweza kuweka kikombe cha maji pembeni na maji yakatulia. Bomba la kupulizia vumbi lilikuwa limechanika, nikaweka mpira wa dripu niliouomba duka la dawa. Unapuliza vizuri, mstari unabaki safi.

Nilipomaliza nikajiuliza, nitajuaje kama inamfaa? Nikakunja mguu wa kushoto, nikaufunga kwa khanga, nikafanya kazi hivyo mchana kutwa. Watu waliokuja kuulizia makochi walidhani nimeumia, wengine wakanipa pole. Niligundua mambo ambayo kwa kukaa na kuwaza nisingeyagundua. Kwanza, ukisukuma ubao na mguu mmoja, mwili wote unateleza kwenye kiti. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu nikapata kiti cha trekta bovu, kile cha chuma chenye shimo la kukaa, nikakiweka juu ya kigoda cha miguu mitatu. Huendi popote. Pili, swichi ya kukanyaga lazima ikae kulia, na lazima ifungwe isikimbie. Nimeifunga. Tatu, kusimama ndiko kugumu kuliko kazi yenyewe. Nilianguka, kaka. Nilianguka kifudifudi kwenye maranda nikabaki hapo nimelala, na ndipo nilipojua unayoyapitia ukitaka tu kwenda kunywa maji. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nakwambia "jikaze" kwenye simu kama mtu anayejua. Sasa kuna mpini wa chuma ubavuni mwa meza, umekazwa kwa bolti na hautingishiki hata mtu akiuninginia, na kuna ndoano mbili za magongo mahali mkono unapofika bila kujinyoosha.

Unaweza kusema, Skola, si ukate wewe hayo maua, mbona unajua sasa? Maua nayajua. Lakini huku hawataki maua tu. Wanataka ng'ombe. Juzi amekuja mzee mmoja, Masanja, mfugaji kutoka upande wa Bukundi, anamwoza binti yake, anataka kitanda chenye fahali wake kichwani. Akanionyesha picha kwenye simu. Nikachora. Akatazama akasema, "Huyu ni ng'ombe. Mimi nimesema fahali wangu." Nikachora tena. Akasema pembe ya kushoto ya fahali wake inashuka kidogo halafu inapanda, na kwamba hata akiwa katikati ya mifugo ya watu mia angemjua kwa hiyo pembe. Nimechora mpaka penseli imebaki kipande. Mkono wangu unaenda kwenye mistari iliyonyooka, unajua, ndiyo maana uliniachia milango ukabaki na nakshi. Wewe ulikuwa unamtazama mtu kanisani, ukirudi nyumbani unamchora kwenye kipande cha plaiwudi mpaka Mama anakukemea. Masanja amekubali kusubiri. Nimemwambia anayejua pembe yuko njiani.

Ndiyo, nimesema uko njiani. Kama nimedanganya, wa kuniumbua ni wewe.

Sitakuficha ubaya wa huku. Masika magongo yatazama kwenye tope na utatukana. Jua ni kali, mbu wapo, na mlima hakuna, utatazama kote hutaona mahali pa kuegemeza macho. Wiki za kwanza utaamka ukitafuta ukungu. Lakini chumba chako kipo, mlango wake unatazamana na karakana na hauna ngazi. Chooni nimeweka kiti cha mbao, nimekipiga msasa mwenyewe, kwa hiyo utaanza siku kwa kukosoa kazi yangu. Mayu Kabula ameshauliza unakula nini. Nilimwambia unapenda viazi, akasema ukila vya huku utavisahau vya kwenu. Huo ni ugomvi wenu, msiniingize.

Kuna jambo moja lililonishika rohoni. Masanja alipokuja mara ya pili alinikuta nimejikunja kwenye ile meza, magoti yamegonga kidevuni, maana mimi ni mrefu kuliko wewe na haikujengwa kwa ajili yangu. Akasema, "Fundi, si uunge vipande chini ya miguu iinuke?" Nikamwambia meza ina mwenyewe. Akauliza, "Na huyo mwenyewe akikataa kuja?"

Nikajifanya natafuta msasa. Lakini nimelala nalo swali lake, na jibu ninalo, nakupa wewe. Ukikataa, siungi kitu. Mashine itakaa hapo kwa urefu wako, na ndoano zitakaa bila magongo, na kila atakayeingia ataniuliza hicho kiti cha trekta ni cha nani, nami nitamtajia jina lako. Nitalitaja mpaka nichoke, na mimi sichoki upesi. Nakuhitaji, Festo. Nakuhitaji kama fundi na kama kaka, na nimechoka kuzungumza na wewe kupitia kwa Mama kana kwamba umesafiri.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie utepe wa kupimia autunze, tutauhitaji kwa ajili ya kiti cha pili. Msalimie shangazi, ambaye jina lake tulilitumia kwenye suruali bila kumwomba. Tutamlipa kwa stuli ya jikoni. Baba mdogo mwambie randa asiziguse, hata akija na mnunuzi. Watoto wa dada Veronika wape pipi alizobeba dereva aliyekuletea barua hii, usile wewe. Mchungaji naye msalimie, mwambie madirisha ya kanisa aliyoahidiwa hayajasahaulika, ila fundi wake anahama.

Barua hii inaletwa na Sanga, dereva wa lori la mbao. Anashuka huko na lori tupu, anapakia Mafinga, kisha anageuza kurudi huku. Sanduku la vifaa litakaa nyuma, katikati ya mbao, ameniahidi kulifunga vizuri, na kiti cha mbele nimemwambia asimpe mtu. Siku ya kurudi atapita nyumbani asubuhi, atapiga honi. Hatashuka kukubembeleza, nimemkataza. Atashuka kukushikia magongo tu, kwa kuwa ngazi ya lori iko juu.

Mdogo wako anayekusumbua,
Skola